Uvimbe Usiouma

[Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.]

Hamjambo ninyi wa Bwagiriza na Nyankanda, wa Kavumu, wa Musasa, wa Gasorwe, na ninyi mliofika nyuma yetu mkapelekwa Musenyi. Hamjambo pia ndugu zetu wakimbizi wa hapa mjini Bujumbura, mnaotusikiliza kule Buyenzi, Bwiza, Kinama na Buterere. Ni mimi mtangazaji wenu, mkimbizi kama ninyi.

Leo sina mgeni studioni. Nina karatasi za maswali zilizotoka kwenye vikundi vya wasikilizaji, na karibu zote zinauliza jambo moja: kansa ya ziwa. Wengine wanasema saratani ya matiti, ni ugonjwa uleule. Mimi nitasema kansa ya titi, kwa sababu nikisema ziwa, watu wa Uvira na Baraka watafikiri naongea habari za Tanganyika na samaki.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nilimaliza sekondari, basi. Hesabu nitakazozitaja ni za watafiti. Mimi nimezisoma na kuzipanga ili zisikike vizuri kwenye redio.

Naanza na swali la mama mmoja, maana yeye hawezi kungoja mpaka mwisho wa kipindi. Ana kitu kigumu ndani ya titi tangu wakati wa kuvuna mahindi. Hakiumi. Anauliza kama angoje kwanza kiume ndipo aende kituo cha afya.

Mama, usingoje. Nenda kesho asubuhi. Kama kesho ni siku ya mgao, nenda kesho kutwa, lakini usivuke juma hili.

Sasa nieleze kwa nini. Sisi tumezoea kwamba ugonjwa ni kitu kinachouma. Malaria inauma, jino linauma, jipu linauma usilale. Kansa ya titi inapoanza kwa kawaida haiumi. Uvimbe mgumu usiouma ndio unaotakiwa kuonyeshwa haraka. Maumivu yakija, mara nyingi ugonjwa umekwisha kukua. Ndiyo maana wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, na wao wenyewe hawakufanya uzembe wowote. Walikuwa wanangoja dalili ambayo haikuja.

[Muziki mfupi.]

Kansa ni kitu gani? Nitumie mfano wetu wa kambini. Mnajua listi ya mgao. Karani ananakili majina kutoka listi ya zamani kwenda listi mpya, kila mwezi. Siku moja anakosea herufi. Jina lako linaandikwa vibaya, na mwezi unaofuata anayenakili anafuata kosa lilelile, kisha anaongeza lake. Baada ya mwaka mzima familia ya watu sita inaonekana watu kumi na sita, na mchele wa wenzao unaelekea kwao.

Mwili wetu umejengwa kwa vijumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Kila seli ina listi yake ndani, inayoitwa DNA, inayosema nini kifanyike na lini kisimame. Seli ikigawanyika kuwa mbili, listi inanakiliwa. Makosa yanatokea kila siku, na mwili una wakaguzi wa kuyasahihisha. Kansa inaanza pale makosa kadhaa yanapokusanyika katika seli moja mpaka inaacha kusikia amri ya kusimama. Inagawanyika, inagawanyika, na watoto wake wanarithi ukaidi uleule. Kwenye titi, mara nyingi hili linaanza katika vijia vinavyopitisha maziwa. Likiachwa, baadhi ya seli zinatoka hapo zinaingia kwapani, na kutoka kwapani zinaweza kufika kwenye mapafu, ini au mifupa.

Kwa nini titi? Kwa sababu seli za titi zinasikia homoni, hasa ile inayoitwa estrojeni. Kila mwezi, tangu binti anapovunja ungo mpaka hedhi ikome, homoni zinaziambia seli zijiandae. Kujiandaa ni kugawanyika, na kila kugawanyika ni listi nyingine inayonakiliwa. Miaka ikiwa mingi, nafasi za kukosea ni nyingi. Ndiyo maana umri ni moja ya hatari kubwa, na ndiyo maana wanaume wanaugua mara chache: katika wagonjwa 100, mwanaume ni mmoja au hata hafiki mmoja. Baba zetu, hapo msicheke. Uvimbe mgumu nyuma ya chuchu ya mwanaume nao unaonyeshwa.

Jambo hili la homoni watu walilihisi zamani kabla hata neno homoni halijakuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kwamba masista wa konventi walikuwa wanaugua kansa ya titi kuliko wanawake wengine. Hakujua kwa nini. Mwaka 1926 daktari wa Uingereza, Janet Lane-Claypon, alifanya kitu ambacho wakati ule kilikuwa kipya: aliwachukua wanawake kama 500 wenye kansa ya titi na wengine kama 500 wasio nayo, akawauliza wote maswali yaleyale. Umeolewa? Umezaa wangapi? Umenyonyesha? Akaona kwamba wale wagonjwa, kwa jumla, walikuwa wamezaa kidogo na kunyonyesha kidogo. Mimi nampenda sana huyu mama kwa akili hiyo. Ukiwauliza wagonjwa peke yao utapata hadithi. Lazima uwaulize na wazima ndipo ujue tofauti iko wapi.

Mwaka 2002 watafiti walikusanya masomo 47 ya namna hiyo kutoka nchi 30, wanawake zaidi ya 50,000 wagonjwa na karibu 97,000 wasio wagonjwa. Wakapata kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari kwa karibu asilimia 4, na kila mtoto anayezaliwa anaipunguza kwa asilimia 7 zaidi.

Hapa najua kuna mama anasema: mimi nimezaa sita, nimewanyonyesha wote, basi nimepona. Hapana, mama. Hatari imepungua, haijaisha. Mwavuli unapunguza mvua, na bado unaweza kufika nyumbani miguu imelowa. Na wewe dada ambaye hukujaliwa mtoto, usichukue hesabu hii kama hukumu. Wanawake wengi sana wasiozaa hawaugui kamwe.

Karatasi nyingine inauliza kama kansa ni ya ukoo. Baadhi ni ya ukoo, si nyingi. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha mahali ilipo jeni moja ambayo ikiharibika, hatari inarithiwa katika familia. Jeni hiyo inaitwa BRCA1, nayo ilipatikana yenyewe mwaka 1994. Mwaka uliofuata ikapatikana BRCA2. Kazi ya jeni hizi, mkikumbuka mfano wa listi, ni ukaguzi. Aliyezaliwa na mkaguzi mgonjwa, makosa yake yanakusanyika haraka. Lakini kansa za kurithi ni kama 5 mpaka 10 katika kila 100. Na wengi hawajui hili: baba naye anaweza kumpa binti yake jeni hiyo. Kwa hiyo ukiulizwa habari za ukoo wako, usitaje upande wa mama tu. Kumbuka na mashangazi.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya kansa zote za titi zinawapata wanawake wasio na sababu yoyote ya pekee, isipokuwa kwamba ni wanawake na umri umesogea. Nusu. Naomba msikie vizuri hapo, kwa sababu kambini kwetu mtu akiugua kitu kisichojulikana, jioni hiyohiyo anatafutwa wa kulaumiwa. Jirani amemroga. Ama ni yeye mwenyewe, aliishi vibaya. Watafiti wamehesabu watu kwa mamia ya maelfu na hawakumkuta jirani yeyote humo.

[Muziki mfupi.]

Mengine niyapitie haraka, maana karatasi ni nyingi.

Simu ndani ya sidiria. Kina mama wengi tunaficha humo simu na pesa, kwani tutaficha wapi? Utafiti haujaonyesha kwamba simu wala noti zinaleta kansa ya titi. Zinaleta jasho, na wezi wa sokoni wanajua zilipo.

Kupigwa au kuumia kifuani. Haileti kansa. Linalotokea ni kwamba mtu akiumia anajishika, ndipo anagundua uvimbe uliokuwapo tangu zamani.

Kuambukiza. Hapana. Huwezi kuipata kwa kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, wala kumhudumia mgonjwa. Msimtenge mtu.

Pombe. Hapa sina habari njema. Pombe inaongeza hatari ya kansa ya titi, na mwili hauulizi kama ni bia ya chupa, kasiksi, urwarwa au lotoko. Ukipunguza, hatari inapungua nayo. Unene baada ya hedhi kukoma nao unaongeza hatari, ingawa kwa mgao huu sioni wengi wetu wenye shida hiyo.

Dawa za uzazi wa mpango. Swali hili limekuja mara nyingi kuliko yote, na nahisi wengine wameshaacha kwa hofu. Huko Denmark walifuatilia wanawake milioni 1.8, matokeo yakatoka mwaka 2017. Walikuta hatari inapanda kidogo kwa wanaotumia njia za homoni. Kidogo kiasi gani? Kwa mwaka mmoja, katika wanawake kama 7,700 wanaotumia, anaongezeka mgonjwa mmoja. Si sifuri. Lakini pia si ile hatari inayosimuliwa kwenye foleni ya maji. Mwenye hofu azungumze na muuguzi juu ya njia nyingine. Asiache kimyakimya, kisha akapata mimba ambayo hakuipanga.

Sasa nije kwenye kisu. Kuna imani kwamba kansa ikiguswa na sindano au kisu inakasirika na kukimbia mwilini. Kwa sababu hiyo watu wanakataa kuchukuliwa kipande, kile wanachokiita biopsi. Nieleze kwa nini madaktari wanakitaka hicho kipande.

Kwanza, uvimbe mwingi wa titi si kansa. Ni mafuta, ni maji, ni mafundo ya kawaida, hasa kwa wasichana. Kwa macho na mikono huwezi kujua kwa uhakika. Pili, kansa ya titi si ugonjwa mmoja. Baadhi ya seli zina mlango wa homoni. Hao wanaweza kutibiwa kwa kidonge kinachoitwa tamoksifeni, kinachofunga mlango huo. Ni dawa ya zamani, bei yake si ya kutisha, na inamezwa miaka mitano au zaidi. Wengine wana mlango mwingine unaoitwa HER2, nao una dawa yake. Wengine hawana mlango wowote kati ya hiyo, na hao tamoksifeni haiwasaidii, wanahitaji dawa nzito za mshipa.

Watafiti waliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Ethiopia walikuta ile aina isiyo na mlango ni ya kawaida sana Ghana, na ni chache Ethiopia. Kwa hiyo hata kusema kansa ya Waafrika ni hivi au vile ni kosa. Lazima kipande cha mtu mwenyewe kipimwe. Bila hicho kipande, daktari anatibu gizani. Hatari ya kukikataa ni kubwa kuliko tundu la sindano.

[Muziki mfupi.]

Niwapeleke sasa kwa majirani, kwa sababu utafiti ulionigusa zaidi umefanyika karibu nasi. Kule Rwanda kaskazini, wilaya ya Burera, kuna hospitali ya Butaro iliyofungua kituo cha kansa mwaka 2012. Wengi wa wagonjwa wake ni wakulima wa vijijini, watu wanaofika kwa miguu na kwa basi. Watafiti waliwahoji wanawake 144 waliotibiwa kansa ya titi hapo na katika hospitali ya Rwinkwavu. Waliwauliza: uliona dalili lini, ulikwenda lini kwa mara ya kwanza, ulipata jibu lini?

Nusu yao walikaa miezi mitano au zaidi kabla ya kwenda popote. Hapo tunaweza kusema ni sisi, ni woga wetu, ni kungoja kiume. Waliochelewa zaidi walikuwa waliosoma kidogo na waliopitia kwanza kwa mganga wa kienyeji. Lakini sikieni upande wa pili. Tangu siku ya kwanza mgonjwa alipofika kwa mhudumu wa afya mpaka siku ya jibu, nusu yao tena walikaa miezi mitano au zaidi. Mgonjwa ameshafika, ameshavua nguo, ameshaonyesha, na muda ule unapotea mara ya pili. Kati ya waliocheleweshwa zaidi ni wale waliokwenda na kurudi mara tano au zaidi kabla ya kujua wana nini.

Nilipoisoma hesabu hiyo niliweka karatasi chini. Kila mwaka tunahutubiwa: mama, jichunguze, mama, wahi. Ni kweli, na mimi nimelisema leo. Lakini nusu nyingine ya muda iko mikononi mwa wenye makoti meupe na wenye mihuri. Baadaye, huko Burera, wauguzi wa vituo vya afya na wahudumu wa jamii walifundishwa kupima titi kwa mikono na kujua nani wa kumtuma mbele. Vituo vilivyofundishwa viligundua wagonjwa wengi zaidi kuliko vile ambavyo havikufundishwa.

Utafiti mwingine ulianza mwaka 2014 katika nchi tano: Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini. Waliandikwa wanawake zaidi ya 2,000 wenye kansa ya titi. Kila baada ya miezi mitatu walipigiwa simu, wao au ndugu zao, kuulizwa wanaendeleaje. Fikirini kazi ya kupiga hizo simu. Matokeo yalitoka mwaka 2020: baada ya miaka mitatu, nusu ya simu zile zilikuwa hazina tena wa kuulizwa. Watafiti wakahesabu kwamba karibu theluthi moja ya vifo vingezuilika kama ugonjwa ungegunduliwa mapema na matibabu yangepatikana na kumalizika.

Basi tufanye nini sisi, tunaohitaji karatasi ya kutoka kambini, na transferi, na nafasi kwenye gari?

Kwanza, jua unachokwenda kusema. Usiseme naumwa kifua, utapewa dawa ya kikohozi. Sema hivi: nina uvimbe kwenye titi la kulia, niliuona mwezi fulani, haujaondoka. Dalili nyingine za kusema ni hizi: ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa; chuchu imeingia ndani na zamani haikuwa hivyo; damu inatoka kwenye chuchu; kidonda cha chuchu hakiponi; fundo limetokea kwapani; titi moja limebadilika umbo. Omba upimwe kwa mikono, titi na kwapa. Ukitaka kupimwa na muuguzi wa kike, omba. Si adabu mbaya.

Mama unayenyonyesha, titi likiwa jekundu, la moto, na una homa, mara nyingi ni uambukizo wa maziwa. Utapewa antibiotiki. Sawa. Lakini dawa ikiisha na ugumu bado upo, rudi. Usikubali kwamba ni maziwa tu kwa miezi mitatu.

Pili, kabla ya kutoka mlangoni, uliza: nirudi tarehe ngapi? Iandikwe kwenye kadi. Kama ni transferi, uliza nani anaifuatilia na umtafute lini. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa awe amejua ana nini ndani ya siku 60 tangu anapofika mara ya kwanza. Hizo siku 60 ni zako. Zihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Zikipita nusu bila neno, rudi na mtu: dada yako, mhudumu wa jamii, kiongozi wa kijiji chenu cha kambi. Mtu akirudi peke yake mara tano anachoka. Akirudi na mwenzake, wanasemezana njiani.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kipo. Si kila dawa inapatikana, na safari za matibabu ni ndefu. Lakini uvimbe mdogo unaweza kuondolewa kwa upasuaji, na kuna dawa zisizo za mbali. Kadiri unavyofika mapema, ndivyo yaliyopo yanavyotosha.

Karatasi ya mwisho imetoka kwa kijana wa kiume. Anauliza afanye nini, mama yake ana uvimbe na baba amekataa asiende kwa sababu atakayempima ni mwanaume. Mdogo wangu, mtafute mkunga au muuguzi wa kike wa kituo chenu, mweleze, aje nyumbani kuongea na mzee kwa heshima. Mtafute na mzee mwenzake anayemsikiliza, mchungaji au shehe. Usigombane naye mbele ya watu. Na siku ya kwenda, ubaki wewe na wadogo zako, uchote maji, upike, ili mama asipate sababu ya kuahirisha.

Vikundi vya wasikilizaji, hati hii itafika kwenu imechapwa. Isomeni kwa sauti kwa wasiosoma, na kama kuna muuguzi karibu mwiteni ajibu maswali. Juma lijalo, saa ileile, tutaongea juu ya kifafa.

[Muziki wa kipindi unapanda.]